Kioo Kimesema Salama

Mwasiti Swalehe hakuomba kazi Kioo kwa sababu ya njaa. Njaa angeistahimili. Aliomba kwa sababu ya kinyongo, na kinyongo chake kilikuwa na jina na cheo: Dokta Anselmi Ngailo, mwasisi wa Kioo, mtu ambaye nchi nzima ilimpigia makofi kwa kumaliza foleni za wagonjwa wa ngozi. Miaka miwili sasa Mwasiti alikuwa akipanda ngazi za jengo la mtu huyo hapo Dodoma, akila chakula cha mchana kwenye ukumbi wake, akivaa koti lake la kijivu, akitabasamu alipotakiwa kutabasamu, na akisubiri. Hakujua hasa anasubiri nini. Alijua tu kwamba siku ikifika ataitambua.

Jengo lenyewe liliwahi kuwa wodi ya ngozi. Sakafu ya ghorofa ya nne bado ilikuwa na michubuko ya miguu ya vitanda, na juu ya michubuko hiyo ndiko zilikopangwa meza za wathibitishaji. Hapo ndipo alipoketi Mwasiti, mbele ya skrini pana, akitazama ngozi za watu waliokuwa mbali naye. Mtu aliingia kibanda cha Kioo huko Babati au Manyoni, akavua shati, ukuta wa kioo ukamzunguka. Ulimpiga mwanga mweupe, kisha wa buluu, kisha ule usioonekana kwa macho ambao huingia chini ya ngozi na kurudi na habari. Mashine ikalinganisha habari hizo na ngozi zote ilizowahi kuona, ikaandika hukumu yake pembeni mwa skrini. Kazi ya mthibitishaji ilikuwa kubonyeza taa. Kijani, nenda nyumbani, dawa yako itatoka kwenye tundu. Nyekundu, uende hospitali ukaguswe na daktari.

Wathibitishaji walikuwa huru kubonyeza wapendavyo, ndivyo mkataba ulivyosema. Lakini kila nyekundu ililipwa na Kioo: nauli ya mgonjwa, kitanda chake, kisu cha daktari. Kwa hiyo kila nyekundu ilimshusha alama mthibitishaji, na aliyeshuka sana alijikuta nje getini na koti lake mkononi. Dokta Ngailo alipenda kusema kwenye mikutano kwamba gharama ya kumgusa mgonjwa mmoja inatosha kuwatazama mia nne. Watu waliandika maneno hayo kwenye kuta za ofisi. Mwasiti aliyasoma kila asubuhi na kila asubuhi yalimchefua.

Tena wathibitishaji hawakuwa na sauti zao. Alichosema Mwasiti kwenye kipaza sauti kilitoka kibandani kwa sauti moja tu, sauti ya mwanamke asiye na umri wala kabila, ambayo watu waliipa jina la Dada Kioo. Nyuso za wagonjwa nazo zilifunikwa na ukungu, ili mtu asije akamtambua jirani yake akiwa uchi. Basi hata ungekaa humo miaka kumi, ungekuwa umeona vifua na migongo ya nusu ya nchi bila kumjua mtu hata mmoja, na wao wasikujue.

Lililomuudhi zaidi ni kwamba Kioo hakikuwa uongo mtupu. Juzi tu alikuwa amebonyeza nyekundu kwa binti mdogo wa Bahi, mwenye baka jeupe lisilohisi sindano. Ukoma ukakamatwa ukiwa mchanga. Zamani mama yake binti huyo angeanza kuuza kuku, atafute basi, atafute pa kulala mjini, na angefika ugonjwa umekwishakula vidole. Mwasiti alijua hayo yote na aliyameza kwa shida. Angependa adui yake awe mwizi wa wazi.

*

Mama yake Mwasiti, Bi. Zaituni wa Kolo, alikipenda Kioo kuliko mtu yeyote kijijini. Kabla ya hapo alikuwa amefika hospitali mara moja maishani, na safari hiyo aliisimulia kama watu wanavyosimulia vita. Kibanda kilipowekwa sokoni alikuwa wa kwanza kuingia. Alitoka na dawa ya mba na akamwambia kila mpita njia kwamba daktari amemfuata nyumbani.

Kisha lilitokea baka jeusi kwenye unyayo wake wa kulia, karibu na kisigino. Halikuuma. Liliwasha kidogo. Bi. Zaituni akaenda kibandani, akasimama wima kama alivyoelekezwa, akasema mguu unamsumbua. Kioo kikatazama goti, kikatazama ugoko, kikatazama vidole kwa juu. Hakikuomba unyayo. Naye Bi. Zaituni, mwanamke aliyefundwa akafundika, hakuwa mtu wa kuinua unyayo wake na kumwelekezea daktari usoni. Kwao mtu huwezi kumwonesha hata mtoto wako unyayo hivihivi, sembuse daktari. Taa ikawaka kijani.

Baka likakua. Mwasiti, aliyekuwa ameolewa Singida, akambembeleza kwa simu arudi tena na safari hii aseme wazi: nina kitu chini ya mguu. Mama akakubali, ila aliona haya kupeleka mbele za watu nyayo zilizopasuka kwa jembe. Basi akafanya alichofanya kila mwanamke wa pale akijiandaa kuonekana. Akaponda hina, akapaka nyayo zote mbili, akakaa nayo mpaka ikakolea. Akaenda kibandani na miguu mizuri kama ya bibi harusi, akaigeuza, akaionesha.

Sasa mashine ya Kioo ilikuwa imefundishwa kufuta hina. Mwanzoni ilikuwa ikichanganya hina na magonjwa na kuwasha nyekundu ovyo kila baada ya Idi na kila msimu wa harusi, na nyekundu hizo zilikuwa gharama. Dokta Ngailo akaandika mwenyewe kipande cha programu cha kuisafisha picha kabla haijatazamwa. Chochote cheusi au chekundu kwenye nyayo au viganja vya mwanamke, mashine ilikichukua kuwa urembo ikakiondoa. Ikamwondolea Bi. Zaituni hina yake, na pamoja na hina ikamwondolea saratani. Mthibitishaji aliyekuwa zamu, nani sijui, akaona nyayo safi kabisa. Mhudumu wa kibanda akamshika mkono akimteremsha. Kioo kimesema salama, mama, alimwambia. Bi. Zaituni akamtumia bintiye ujumbe wa sauti akirudia maneno hayohayo kwa furaha.

Mwasiti bado alikuwa na ujumbe huo. Hakuwa akiusikiliza tena. Alikuwa na mwingine wa mwisho, wa siku aliyokuwa amerudi Singida mara moja, ambao mama hakuwa na pumzi ya kuumaliza, kwa sababu kitu kile kilikuwa kimekwenda kwenye mapafu. Huo pia hakuusikiliza, lakini alijua upo, na siku alizochoka na kusubiri alitoa simu akautazama tu.

Akiwa mwanafunzi wa kazi, wiki ya kwanza, ndipo alipoelewa kwa nini nyayo hazikuombwa. Mkufunzi aliwaonesha hotuba ya zamani ya Dokta Ngailo. Utazamaji wa kwanza ulikuwa na hatua ya nyayo, alieleza akitikisa kidole chake kidogo cha mkono wa kulia, kilichopinda kwenye pingili. Hatua hiyo ilichukua muda, wazee waligoma, wengine walianguka. Kwa hiyo tukaiondoa, kwa heshima ya mila zetu. Ukumbi ukacheka na kupiga makofi. Mwasiti naye alipiga makofi. Lakini tangu siku hiyo alikijua kile kidole kuliko alivyojua vidole vya mumewe.

*

Ilikuwa asubuhi ya kawaida, chai haijapoa. Skrini ikamletea mgonjwa kutoka kibanda cha chini ya jengo hilohilo, kile cha wafanyakazi. Sheria ya Kioo ilimtaka kila aliyeajiriwa atazamwe mara moja kwa mwaka, kuanzia mfagizi hadi mwasisi, na mwasisi alijivunia sana jambo hilo. Mwanamume wa makamo, tumbo limeanza kuota, uso umefunikwa na ukungu. Mashine ikampitisha mwanga wa kwanza na wa pili. Akainua mkono wa kulia kujikuna bega, na kile kidole kilikuwa kimepinda kwenye pingili.

Mwasiti aliweka kikombe chini taratibu.

Dokta alikuwa akizungumza kwa raha, kama mtu aliye sebuleni kwake. Hana malalamiko, alisema, isipokuwa mguu wa kushoto unamkera kidogo anapotembea, na analaumu viatu vipya. Mashine haikujali. Ilikwishaandika hukumu: salama. Mwasiti alikuwa na haki ya kuuliza swali moja la ziada kwa kila mgonjwa. Wathibitishaji hawakulitumia, kwa kuwa nalo lilipunguza alama.

"Tafadhali vua kiatu cha kushoto," alisema, "na uoneshe unyayo."

Chini kule Dada Kioo akasema maneno hayo kwa upole. Dokta akacheka. Hatua hiyo aliifuta mwenyewe, alisema, siku nyingi. Lakini alivua, pengine kwa kutaka kuonesha kwamba yeye ni mtu wa kufuata taratibu. Akavua na soksi. Akashikilia ukuta, akageuza mguu.

Lilikuwa pale pale, karibu na kisigino. Jeusi, pana kiasi cha punje ya kunde, kingo zake zimechongoka upande mmoja, na upande mwingine rangi imefifia ikawa ya majivu. Mwasiti alikuwa ameosha baka la namna hiyo kwa mikono yake, kwa maji ya uvuguvugu, miezi yote ya mwisho ya mama yake. Asingehitaji mwanga wowote kulitambua. Mashine ikalitazama mara ya pili na kuandika: damu iliyovilia, kiatu kimebana. Salama.

Mwasiti alifurahi. Hatuna haja ya kupamba. Alifurahi furaha ya mtu aliyefungiwa chumbani muda mrefu kisha akasikia funguo mlangoni. Mkono wake ulikuwa juu ya kitufe cha kijani, na hakuna mtu duniani ambaye angekuja kumlaumu. Mashine imesema, naye amethibitisha. Dokta angevaa soksi yake, akaenda kwenye kikao chake, na kile kitu kingeshuka pole pole ndani yake kama kilivyoshuka ndani ya Bi. Zaituni. Baka lilikuwa bado dogo. Leo lingekatwa kwa kisu, akatoka hospitali siku hiyohiyo akichechemea. Mwakani kusingekuwa na cha kukata.

Lakini kidole hakikushuka. Si huruma iliyomzuia, huruma hakuwa nayo hata chembe. Kilichomzuia ni ile taa. Akibonyeza kijani atakuwa ameketi palepale alipoketi yule mthibitishaji asiyejulikana, kwenye kiti kilekile, akifanya kilekile, na mama yake angemtazama kutoka huko aliko asimwelewe. Alitaka Ngailo afe. Hakutaka kuwa yeye aliyesema uongo.

Akakaa akiwaza kwa sekunde chache ambazo mfumo ulimruhusu. Angeweza kumwita Gaudensia, msimamizi wa zamu, nesi wa zamani ambaye Dokta alimwamini toka enzi za wodi. Gaudensia angetazama skrini mara moja, angeshuka chini, angemwambia Dokta kwa sauti kavu ya kazi, na Dokta angekuwa mezani kwa daktari kabla ya adhuhuri. Hiyo ilikuwa njia moja ya kusema kweli. Mwasiti aliona upesi kwamba ipo na nyingine.

Akabonyeza nyekundu.

Kibanda cha chini kikajaa mwanga mwekundu. Dokta akauliza kuna nini, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya sebuleni.

"Hiyo si damu iliyovilia," Mwasiti alisema. "Ni saratani. Nenda hospitali leo ikatwe. Naitwa Mwasiti, binti Zaituni Swalehe wa Kolo. Mama yangu alikuwa nayo hapo hapo, na mashine yako ikaifuta pamoja na hina yake. Nimeomba kazi hapa kwa ajili yako. Nimekusubiri miaka miwili."

Kila neno lilikuwa kweli. Na kabla hajafungua kinywa alijua kila neno litafanya kazi gani. Hakuna mtu mwenye akili anayeambiwa ugonjwa wake na adui yake akaamini. Alikuwa amempa mtu huyo dawa, ila aliipaka chuki juu ili aiteme, na aliyafanya hayo macho makavu.

Kisha Dokta Ngailo akaanza kuzungumza polepole, kwa ile lugha waliyofundishwa wote kuwatulizia wafiwa. "Binti yangu, pole sana," alisema. "Naelewa una uchungu. Ila uchungu haukupi ruhusa ya kunitishia na ugonjwa."

Akaendelea kueleza, na wala hakupandisha sauti. Wiki hiyo mashirika ya bima yalikuwa yanatia saini upya mkataba wa nchi nzima. Taa nyekundu juu ya jina la mwasisi, mthibitishaji akipingana na mashine, ingekuwa gazetini jioni. Je, anajua ingegharimu kiasi gani? Wangapi wangerudishwa kwenye mabasi na foleni? Yule mtu alikuwa na udaktari wa mashine, si wa watu, na alikuwa akijitetea kwa mashine yake kama wengine wanavyojitetea kwa watoto wao. Baada ya hapo akatamka neno la siri la mwasisi, akaiamuru itazame tena. Ikatazama, ikasema salama. Akaiamuru ifute nyekundu. Ikafuta. Kibanda kikawa kijani, na Mwasiti akamwona akivuta soksi, akikanyaga kisigino kwa tahadhari, akitoka.

Skrini yake ikazima. Maandishi yakamtaka akabidhi koti.

*

Gaudensia alimkuta akifungasha kikombe chake kwenye kanga. Alikuwa mama mnene, mpole, mwenye mikono ya mtu aliyegusa wagonjwa wengi kabla kugusa hakujawa anasa. Alifunga mlango nyuma yake. Dokta amempigia, alisema, amemweleza yote, na amemtaka amtoe Mwasiti bila kelele. Yeye hakuja kugombana. Alikuja kuuliza jambo moja, kwa sababu picha zimefutwa pamoja na nyekundu na hana namna ya kuona.

Alivuta kiti akaketi karibu kabisa, magoti yao yakagusana.

"Mwanangu, uliona kitu kweli, au ulitaka kumtia roho juu?" aliuliza. "Niambie mimi. Ukisema uliona, nashuka sasa hivi namvua kiatu kwa mikono yangu. Mimi hanikatalii."

Mwasiti akamtazama. Hili hakulitarajia. Alidhani mlango umekwishafungwa na yeye yuko nje yake na dhamiri safi, amesema kweli akakataliwa, basi. Kumbe mlango ulikuwa wazi, na aliyesimama hapo alikuwa mtu mwema asiyemkosea kitu. Neno moja tu lilitosha. Alilihisi ulimini. Alimkumbuka binti wa Bahi. Alimkumbuka mama yake akiwa amekaa mkekani, miguu imenyooka mbele, akipepea hina ikauke upesi.

"Kioo kimesema salama, mama," alisema.

Gaudensia akashusha pumzi. Alikuwa amefarijika, mtu angeiona faraja hiyo hata kwenye mabega yake, na akamshika Mwasiti bega akamwambia aende akapumzike, uchungu wa mama hauishi ila hupoa. Mwasiti akashukuru. Akavua koti, akalikunja vizuri, akaliacha juu ya kiti.

Akashuka ngazi. Alikuwa amengoja kuhisi kitu, wepesi labda, au haya. Alichohisi ni njaa, njaa ya kawaida ya mtu ambaye hajanywa chai yake.

Ukumbi wa chini ulikuwa na jua. Dokta Anselmi Ngailo alikuwa akija kutoka upande wa kibanda, peke yake, faili kwapani, akielekea mlango mkubwa ambako gari lilimsubiri. Alichechemea kidogo sana. Kwa miaka miwili Mwasiti hakuwahi kuwa karibu naye namna hiyo. Angeweza kunyoosha mkono akamgusa. Naye alimwona mwanamke tu mwenye kanga na kikombe, kwa sababu jina alilijua ila sura hakuwahi kuiona, wala sauti yake halisi kuisikia.

Wakafika mlangoni pamoja.

"Shikamoo, mzee," alisema Mwasiti.

"Marahaba, binti. Hujambo?"

"Sijambo. Pole na mguu."

Dokta akautazama mguu wake, akatabasamu, kana kwamba amefurahi kuona bado kuna vijana wenye adabu. "Asante. Kiatu tu hiki, bado kipya," alisema. "Nimetoka kutazamwa sasa hivi."

Mwasiti akamshikia mlango mpaka apite.